Usiniambie Wewe ni Mchapakazi

(Mhadhara kwa wanachuo wa mwaka wa mwisho, Dar es Salaam)

Wale wa nyuma sogeeni mbele. Leo situmii kipaza sauti.

Nimefanya kazi ya ajira miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni simu. Waombaji ni mamia, nafasi ni moja, ofisini huwezi kuwaita wote. Unapiga, dakika tano kwa kila mmoja, na swali la kwanza ni lilelile: "Hebu jieleze kidogo." Jibu nalo ni lilelile: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najituma." Nikilisikia naumia, maana najua huyo ninayeongea naye ana mambo ya maana na hajayasema.

Mwaka mmoja tulitafuta mtunza stoo. Nikampigia binti mmoja. Mchapakazi, mwaminifu. Nikamuuliza kwa nini anaitaka kazi hii, akasema, "Mimi niko tayari kwa kazi yoyote." Dakika nne hazikufika. Nikalikata jina lake, nikapiga namba inayofuata.

Miezi kadhaa baadaye nimekwenda kwenye bohari ya kampuni nyingine kwa shughuli za ofisi, anayenipokea ni yeye. Tukaongea. Kumbe alipokuwa fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, kwenye stoo ya dawa, alikuta maboksi mapya yamepangwa mbele na ya zamani yamesukumwa nyuma, dawa zinaisha muda wake zikiwa rafuni. Yeye na kibarua mmoja wakaipangua stoo nzima kwa siku tatu. Wakaandika tarehe kwa kalamu nene juu ya kila boksi, inayoisha muda mapema ndiyo itoke kwanza. Alipoondoka, utaratibu ule ukabaki. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona siku ile hukuniambia?" Akanijibu, "Mama, sikujua kama hilo nalo ni jibu."

Hilo ndilo jibu! Nilikuwa namtafuta mtu wa namna hiyo hasa, nikampata kwenye simu, nikamkata. Naye akasota mtaani miezi mingine. Ndiyo maana kila chuo ninachoalikwa nalirudia hili, na nitalirudia.

Kwa hiyo kabla simu haijaita, uwe na visa vyako vitatu. Ilikuwa wapi, nini kilikuwa hakiendi, wewe ulifanya nini kwa mikono yako, kikabadilika nini. Basi. Akikuuliza "jieleze", unacho. Akikuuliza "kwa nini tukuajiri wewe", unacho. Akitaka changamoto uliyowahi kuitatua, unacho.

Naona mtu anataka kuniambia, "Lakini mama, mimi sina uzoefu." Likizo, nani alikuwa anashika hesabu za genge la mama yako? Nani mweka hazina wa kikoba cha hosteli? Wewe uliyeuza mitumba soko la Karume upate kodi ya chumba, unajua kufungua belo, kuchambua, kupanga bei, kukopesha na kudai. Kudai peke yake ni kazi, taasisi za mikopo zinalipa watu mshahara kwa hiyo. Usiyaite hayo "biashara ndogondogo tu". Yataje kwa hesabu zake.

Wengine mtaandika majibu mkae mnayasoma. Nitajua. Kwenye simu sikuoni uso, nasikia pumzi, na anayesoma pumzi yake inajulikana. Andika maneno machache ya kukukumbusha, kisha jirekodi kwa WhatsApp, umtumie rafiki asiyeijua habari hiyo. Asipoelewa yeye, mimi pia sitaelewa. Na kisa chako kianze kwa Kiswahili. Anayepiga anaweza kuingia Kiingereza ghafla. Aliyekariri Kiingereza kitupu anakwama swali la pili, lakini anayekijua kisa chake hakosi maneno ya kukisimulia.

Ukipigiwa uko kwenye daladala, sema hivyo, omba dakika kumi. Sijawahi kumnyima mtu.

Mshahara. Msiniambie "wowote ule". Pigeni hesabu. Ukitaja 600,000 na ulisoma kwa mkopo: mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, 60,000, Bodi ya Mikopo asilimia 15 ambayo ni 90,000, kodi ya mapato 24,000. Mkononi unabaki na 426,000. Nauli na chumba vinatoka humo. Jua kiasi hicho kabla hujafungua mdomo, na uliza kama wanachotaja ni kabla ya makato au baada.

Mabinti, nisikilizeni. Akikuuliza umeolewa, una mimba, una mtoto: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Jibu lenye adabu ni hili: "Ratiba ya kazi naimudu. Ningependa kujua zaidi kuhusu majukumu." Halafu nyamaza, aendelee yeye.

Anayetaka utume hela ili uitwe kwenye usaili ni mwizi. Kata simu.

Nilitaka kuligusa swali la udhaifu, naona mwalimu wenu ananionyesha saa. Basi tutumie dakika zilizobaki. Geukeni mpeane migongo, wawili wawili, msitazamane usoni. Wa kulia ndiye mpigaji. Wa kushoto, ukitamka "mchapakazi" unaanza upya. Haya, simu inaita.