Bastola ya kubeba kila siku: springi kwanza, triga baadaye

Haya jamani, naona wote mmeshakaa, tuanze. Nimeombwa niongelee triga, kile kifyatulio unachovuta kwa kidole, maana ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, watu wanataka kujua waweke ipi, iwe laini kiasi gani, na nitafika huko, ila lazima nianze na springi na magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mshikio, kwa sababu bastola nyingi zinazofika mezani kwangu zina triga ya hela nyingi halafu springi ya kurudishia slaidi, yani kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, haijawahi kuguswa.

Bastola unayoibeba kiunoni kila siku ina kazi mbili tu: ilie ukitaka ilie, na isilie kama hujataka. Ya mashindano ikijam unapoteza pointi, basi. Hii ikijam huna muda wa kuuliza kwa nini. Kwa hiyo chochote unachotaka kubadilisha kipime kwa hizo kazi mbili, na mimi msimamo wangu ni kwamba marekebisho mengi ya triga yanaharibu yote mawili kwa mpigo.

Watu wanapenda kunitajia majaribio ya mwaka 1911, pale jeshi la Marekani lilipokuwa linachagua bastola, ile aliyoibuni John Browning ikapigishwa risasi 6,000 na haikukwama hata mara moja. Ni kweli. Lakini wanaosimulia wanaruka sehemu moja, kwamba kila baada ya risasi 1,000 ilikuwa inasafishwa na kutiwa mafuta. Yani hata bastola bora ya zama zake haikuachwa hivihivi. Sasa wewe yako lini mara ya mwisho umeifungua?

Springi ya kurudishia inachoka taratibu, huwezi kuona kwa siku moja. Dalili ni kwamba maganda yanaanza kurushwa mbali kuliko zamani, mkono unahisi teke limekuwa kali, na baadaye slaidi inarudi mbele lakini haifungi mpaka mwisho, inabaki na upenyo mdogo na ukivuta triga hakuna kitu. Kuna kipimo rahisi kwa hizi bastola zisizo na nyundo ya nje, na kabla hujakifanya toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho na uingize kidole, risasi zote ziwe chumba kingine kabisa. Elekeza mtutu juu kwa mshazari upande ulio salama, vuta triga uendelee kuishikilia nyuma, kisha vuta slaidi nyuma halafu iachie ije mbele polepole ukiisindikiza kwa mkono, usiiachie kwa nguvu. Springi nzima inaisukuma slaidi mpaka inafunga yenyewe. Ikigoma kule mwishoni, badilisha leo. Kwa bastola nyingi za ukubwa wa kawaida springi inahesabiwa kwa risasi elfu kadhaa, hizi ndogo za mfukoni ni mapema zaidi maana springi yake fupi inafanya kazi kubwa, kitabu chake kitakuambia namba, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hizo triga mnazozitamani.

Magazini nazo. Bastola ikijam watu wanalaumu bastola wakati mara nyingi mkosaji ni magazini, midomo yake ya juu imepinda kidogo kwa kuangushwa sakafuni au springi imelegea, risasi inapanda kwa pembe mbaya inagonga chini ya chemba. Ziandike namba, 1, 2, 3, kwa rangi au kalamu ya chuma. Siku ikijam unajua ni ipi, na ikijam mara ya pili na ileile basi hiyo ni ya mazoezi tu, kiunoni haiendi tena. Na ile hofu kwamba ukiacha magazini imejaa springi itakufa, hapana, springi iliyotengenezwa vizuri inachoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara kwa mara kuliko kukaa imebanwa.

Halafu kile kikucha kinachovuta ganda litoke chemba. Masizi yanajikusanya chini yake, makali yake yanamomonyoka, unaanza kuona ganda linabaki ndani au linasimama wima limebanwa na slaidi. Kisafishe, kiangalie kwenye mwanga. Na njia ya pini ya kupigia, tafadhalini sana msijaze mafuta humo, mafuta yanachanganyika na vumbi na masizi yanakuwa tope, pini inachelewa au inagonga praima, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, kwa unyonge.

Kitu kingine ambacho hakisemwi vya kutosha ni risasi yenyewe. Mtu kila jioni anatoa risasi kwenye chemba, asubuhi anaikoki ileile tena, jioni tena, miezi. Kila slaidi inapoirudisha, ncha ya risasi inagonga ile njia ya kupandia, na taratibu kichwa kinazama ndani ya ganda. Ichukue uisimamishe mezani karibu na mpya kutoka kwenye boksi, uziangalie kwa usawa wa macho, utaona moja ni fupi. Hiyo fupi nafasi ya ndani imepungua, presha inapanda sana ikipigwa, inaweza kupasua bastola mkononi mwako. Iliyofupika iweke pembeni, usiipige, na hizo za juu uwe unazibadilisha sio ileile siku zote.

Sasa triga. Ulaini unapatikana kwa njia chache na kila moja ina gharama yake. Ukiweka springi dhaifu ya pini au ya nyundo, kweli inavutika vizuri, lakini ndo nguvu ileile iliyokuwa inagonga praima, na kuna risasi zenye praima ngumu, utasikia klik badala ya mlio. Ukipiga tupa pale vyuma viwili vinapoumana kushikilia nyundo, kwenye vipande vingi ule ugumu uko juujuu tu, ukishauondoa chuma laini kinalika haraka na siku moja nyundo inafuata slaidi, au bastola inapiga mbili kwa mvuto mmoja. Na ukifupisha safari ya triga kwa zile skrubu, unaingilia kile kizuizi cha pini kilichowekwa ili bastola ikidondoka isilie, kinaweza kuinuliwa mapema kuliko kilivyopangiwa, au kwa upande mwingine kisiinuliwe kabisa na bastola isipige.

Mfano wa hili uko wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2017 ilionekana bastola ya SIG P320 ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kulia, maana triga yenyewe ilikuwa na uzito, bastola inaposimama ghafla triga inaendelea na safari kana kwamba kuna kidole kimeivuta. Kampuni ilitoa mpango wa marekebisho, na sehemu ya marekebisho ilikuwa triga nyepesi zaidi, yani nyepesi kwa uzito wa kipande. Hao ni wahandisi wenye maabara. Sasa mtu anachukua triga nzito ya chuma anaifunga pamoja na springi dhaifu, anajipa kinyume kabisa cha dawa hiyo, na mtutu unaelekea pajani mwake siku nzima.

Na mwili pia una mambo yake. Ukishtuka, ukiteleza, au mkono mwingine ukikamata kitu kwa nguvu, vidole vya mkono wenye bastola vinajikunja bila kuviamuru. Triga ya kawaida ya bastola za Glock inavutwa kwa nguvu ya kama kilo 2.5, na hiyo sio kero, ni nafasi umepewa. Kidole nje ya triga ndo kinga ya kwanza, ile nguvu ni ya pili, msiitupe.

Dada pale mbele ameuliza kidole chake hakifiki vizuri afanyeje. Hilo ni tatizo la kweli na ndo badiliko ambalo mimi nalikubali: kwanza mshikio mdogo kama bastola yako unaruhusu, kisha triga ya umbo tofauti kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, springi zote zibaki za kiwandani, na ifungwe na fundi bunduki mwenye ruhusa. Baada ya hapo usiibebe kwanza. Piga angalau risasi 200 za aina ileile unayobeba, kwa zile magazini unazobeba, na ikikwama hata moja bila sababu unayoijua, rudisha ya zamani mpaka sababu ijulikane.