Mkono Usio na Sahihi

Wachora katuni wenzangu, karibuni. Jioni hii namleta kwenu Carl Barks, aliyechora kwa miaka mingi bila jina lake kuonekana hata pembezoni mwa ukurasa.

Alizaliwa mwaka 1901 shambani karibu na Merrill, katika jimbo la Oregon, Marekani. Alilima, alikata magogo, aliswaga nyumbu, na masikio yake yalikuwa mazito. Alipoajiriwa na studio ya Disney mwaka 1935 alikuwa na miaka 34. Nawaambia hili ninyi mnaodhani mmechelewa.

Mwaka 1942 akaiacha studio, akageukia vitabu vya katuni vya Donald, yule bata mwenye hasira za karibu. Mwaka 1947 akamleta Scrooge McDuck, tajiri bahili anayepiga mbizi katika ghala la sarafu zake.

Hebu tazameni anavyochekesha. Donald anapata kazi mpya, anaimudu kuliko wote, sifa zinamlewesha, na kufikia ukurasa wa kumi kila kitu kimemwangukia. Mzaha haukubandikwa juu ya hadithi. Umetoka katika tabia ya bata mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka tunaliona anguko kabla yeye hajaliona. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ufundi wake wote. Mandhari za nchi za mbali alizitoa katika picha za jarida la National Geographic. Ulaya yenyewe alifika mwaka 1994, akiwa na miaka 93!

Alilipwa kwa ukurasa, basi. Vitabu viliuzwa mamilioni, mrabaha hakuuona, na jalada lilibeba jina la Disney peke yake. Lakini watoto hawakudanganyika. Waliujua mkono wake, wakamwita "yule mchoraji mzuri wa mabata". Msomaji aliyeligundua jina lake alimwandikia mwaka 1960, naye Barks akadhani ni rafiki anayemtania. Alikuwa na miaka 59. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Mmoja wa waliokua wakimsoma ni Don Rosa, mchora katuni wa Kentucky, Marekani. Kati ya 1992 na 1994 alikusanya vidokezo vilivyotawanyika katika hadithi za Barks, akavisuka kuwa maisha ya Scrooge katika sura 12. Na katika picha za kwanza za hadithi zake, ndani ya majani au mikunjo ya nguo, Rosa alificha herufi nne, D.U.C.K., neno la Kiingereza la "bata" na pia kifupi cha "Dedicated to Unca Carl from Keno" (kwa Mjomba Carl kutoka kwa Keno, yaani Rosa mwenyewe): tabaruku kwa Barks.