Waingereza tumewadai, na mauaji ya Wagalla je?

Asanteni, kaeni wazee wangu, kaeni. Mada niliyopewa ni mataifa na aibu zao za zamani, na najua wengi hapa mmekuja mkitarajia niwaseme Waingereza. Mfalme Charles alikuja Nairobi mwezi wa kumi 2023, akaketi karamu ya Ikulu, akasema ukatili waliofanyiwa Wakenya wakipigania uhuru ulikuwa wa kuchukiza na hauna utetezi, akataja huzuni yake na majuto yake, lakini msamaha hakuomba. Sisi tukakasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Kesho yake tu, pale Songea, Tanzania, rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier akasimama mbele ya ukoo wa Songea Mbano, yule chifu aliyenyongwa na Wajerumani 1906, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa kwenye vita vya Maji Maji. Kwa hiyo inawezekana, na anayesema haiwezekani ni kwamba hataki.

Lakini mimi hiyo sikuja nayo leo, mmeisikia mara nyingi na wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Nimekuja na Wagalla, yale mauaji yetu wenyewe ya Wajir, na wale mlionisikia mahali pengine mtasema huyu naye na Wagalla yake, sawa, nitaacha siku nikijibiwa.

Tarehe 10 Februari 1984, Wajir, kaskazini mashariki mwa nchi, alfajiri. Koo mbili za Kisomali, Degodia na Ajuran, zilikuwa na uhasama, mifugo inaporwa, watu wanauana, bunduki ziko porini, serikali ikasema itakusanya silaha. Hapo sina neno, serikali yoyote ingetaka silaha zirudi. Ila kilichokusanywa ni watu. Askari walizoa wanaume wa Degodia, mwenye duka, mchungaji, mfanyakazi wa serikali mwenye kitambulisho cha kazi mfukoni, mzee na kijana wake, wakapakiwa malori wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, kama kilomita 15 nje ya mji. Huku nyuma nyumba zinachomwa.

Aliyefika Wajir mwezi wa pili anajua lile jua. Pale uwanjani waliambiwa wavue nguo zote walale kifudifudi kwenye kokoto. Hebu fikirieni, mzee wa Kisomali, mtu wa swala tano, hajawahi kuonekana bila kikoi chake, anaambiwa avue mbele ya wanawe na wakwe zake. Wako waliokataa, wakapigwa risasi palepale. Nguo zikachomwa moto. Maji hakuna, chakula hakuna, siku ya kwanza ikapita hivyo, ya pili hivyo, watu wanakufa kwa kiu huku wamezungukwa na askari wenye maji. Wakafika mahali wakaona kufa ni kufa, wakainuka wakakimbilia ua, wakamiminiwa risasi, waliopenya wakatokomea porini uchi hivyohivyo na majeraha yao. Maiti nyingine zikapakiwa malori zikatupwa porini mbali na mji.

Sasa alikuwepo Wajir mwanamke mmoja Mtaliano, Annalena Tonelli, si mwanasiasa wala nini, alikuwa anatibu kifua kikuu, wagonjwa wake wanakaa kwenye manyatta karibu naye mpaka wamalize dawa, mana mfugaji ukimpa dawa ya miezi sita ukamwacha aende zake hatarudi. Huyu mama na wenyeji aliokuwa nao waliingia porini wakawa wanaokota waliohai na kuzika waliokufa. Picha zikapigwa, habari zikafikishwa kwa mabalozi, na ndio dunia ikajua. Yeye baadaye akalazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, kule Somaliland, mwaka 2003, bado akitibu kifua kikuu. Nimemtaja kwa sababu naulizwa sana, ulitaka nani afanye nini wakati ule wa Moi, kila mtu alikuwa anaogopa. Haya, huyo hapo. Na wale wenyeji aliokuwa nao walikuwa na cha kupoteza zaidi kuliko yeye, na bado walienda.

Serikali ikatoa hesabu yake: waliokufa ni 57. Miaka baadaye serikali hiyohiyo ikakubali ni zaidi ya 300. Walionusurika na wenyeji wanasema karibu elfu, wengine wanasema elfu kadhaa, mpaka elfu tano zimetajwa. Nataka mtulie hapo kidogo. Kutoka 57 mpaka elfu tano, katikati hapo ni watu, kila mmoja ana jina na jina la baba na la babu, na Wasomali mnawajua, mtoto mdogo tu anakutajia mababu zake bila kukwama. Majina hayajapotea. Ukoo unayajua. Asiyeyajua ni serikali, na haiyajui kwa sababu haijaenda kuuliza kwa nia ya kuyaandika.

Na huyu ambaye hayumo kwenye ile 57, mkewe ni mjane wa nani? Cheti cha kifo ataombea wapi, aende kwa chifu aandikiwe barua kwamba mume wake alikufa wapi na kwa nini? Chifu atathubutu kuandika? Bila cheti hakuna mirathi mahakamani, hakuna pensheni ya yule aliyekuwa mfanyakazi wa serikali, plot ya mjini inabaki kwa jina la mtu ambaye kwa karatasi bado yu hai. Mwaka wa arobaini huo umeshapita. Mkiniambia maridhiano, mimi naanzia hapo, kwenye dawati la msajili wa vifo.

Najua kuna anayesema moyoni yaliyopita si ndwele tugange yajayo. Naisikia kila mahali na nimeichoka. Walioumia ndio wenye haki ya kuisema, na hao sijawasikia wakiisema. Nawasikia wanaoisema kwa niaba yao. Na mbona Waingereza hatukuwaambia hivyo? Wale wazee wa Mau Mau walipoenda mahakamani London 2009 tuliwashangilia wote, hakuna aliyewaambia wagange yajayo. Alikuwepo Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa Hola, kambi ya mahabusu ya mkoloni, 1959 mpaka wakadhani amekufa wakamlaza na maiti. Alikuwepo Jane Muthoni Mara. Alikuwepo Paulo Muoka Nzili. Walisimama kwa majina yao, wakaeleza walichofanyiwa mwilini, serikali ya Uingereza ikajitetea kwamba ni zamani mno, mashahidi wamekufa, halafu ikabidi ikiri kwamba ina maelfu ya mafaili ya koloni iliyoyaficha Hanslope Park, jengo lake kule Uingereza. Juni 2013 wakakubali kulipa wazee 5,228, jumla pauni milioni 19.9. Ni hela ndogo, na maneno yao yalikuwa ya majuto tu, sikatai. Lakini kilichowabana ni majina na mafaili.

Na nikishataja Hola niiseme yote. Machi 3, 1959, mahabusu 11 wamepigwa mpaka kufa, na serikali ya koloni ikatoa taarifa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Kunywa maji! Uchunguzi ukaonyesha ni virungu. Mwezi wa saba mwaka huohuo bunge la London likalijadili usiku mpaka alfajiri, na bado hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa, kwa hiyo siwapigii makofi. Ninachosema ni kwamba mkoloni, na ubaya wake wote, bunge lake lilichukua miezi mitano kuwajadili watu 11. Ripoti yetu sisi iko wapi?

Kwa sababu ripoti ipo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilizunguka nchi nzima, Wakenya zaidi ya elfu arobaini waliandikisha yaliyowakuta, tume chache sana duniani zimefikia hapo. Ilikuwa na kasoro zake, na kubwa ni kwamba mwenyekiti wake, marehemu Balozi Bethuel Kiplagat, alikuwa katibu mkuu serikalini wakati wa Wagalla na alitajwa kwenye kikao cha wakubwa kilichofanyika Wajir siku chache kabla ya operesheni, mwenyewe akakana kuhusika, wahanga wakasusa, tume ikapoteza muda mwingi kwa hilo. Bado kazi ilifanyika. Mei 2013 ripoti ikakabidhiwa Ikulu. Desemba mwaka huo wabunge wakabadilisha sheria ili utekelezaji usianze mpaka ripoti ipite kwao, na tangu hapo haijapita. Waliotajwa mle ndani ni pamoja na wakubwa wa nchi hii na familia zao, na sura ya ardhi peke yake ilizua vita ndani ya tume yenyewe, makamishna watatu wa kigeni wakakataa kuikubali jinsi ilivyobadilishwa. Sisi watu wa Pwani hiyo sura ya ardhi inatuhusu sana, ila nikiingia humo hatutoki.

Mtaniambia Uhuru Kenyatta akiwa rais aliomba msamaha. Ndio, Machi 2015 bungeni, kwa niaba ya serikali yake na zote zilizotangulia, kwa makosa yote. Nilifurahi siku ile, nasema kweli. Akaahidi na mfuko wa shilingi bilioni kumi. Lakini ule msamaha ulikuwa wa yote kwa pamoja, hausemi nani alitoa amri, nani alipiga risasi, nani alikufa, na zile bilioni kumi mjane wa Wagalla hajaziona. Steinmeier pale Songea alimtaja Songea Mbano kwa jina, akasema fuvu lake litatafutwa. Mtu akikutajia aliyekufa kwa jina unajua anajua anaomba msamaha wa nini.

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka. Kuna ile sheria ya kinga ya 1970, inawalinda maafisa kwa waliyotenda kaskazini kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967, yaani vita vya shifta vyote, vya Wasomali wa kaskazini waliotaka kujitenga na Kenya. Hiyo ifutwe, nilitaka niieleze vizuri, basi tena. Kisumu 1969, watu walipigwa risasi siku ya kufungua hospitali, watoto wetu hawasomi popote. Garissa 1980, nako askari waliua watu. Vyumba vya mateso vya Nyayo House, lile jengo la serikali Nairobi, vilifunguliwa 2003 watu wakaona, kisha vikafungwa, vifanywe makumbusho, kuna watu walioteswa mle bado wako hai na wanaweza kutuonyesha. La hela sitaligusa, kila nikianza na hela watu wanakimbilia kusema serikali haina na tunasahau mengine, na kuandika majina hakuhitaji bilioni, kunahitaji karani, daftari, na gari la kumfikisha Wajir, na Moyale, na Kisumu, na Mlima Elgon.

Kwa hiyo mbunge wenu akija hapa, na atakuja, uchaguzi ukikaribia wanakuja wote, muulizeni lini atasimama bungeni kudai ripoti ya 2013 ijadiliwe, na muulizeni kama yeye mwenyewe ameisoma. Maswali sasa, tuanze na yule dada aliyeinua mkono tangu mwanzo.