Kabla ya Mbinu, Uliza Lugha

Ndugu watafiti wenzangu, asanteni kwa kufika.

Mapendekezo mengi ya utafiti wa afya ninayoletewa, yanayohusu jamii za wachache wenye lugha nyingi, huchagua majadiliano ya vikundi tangu ukurasa wa kwanza. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni ya haraka. Mimi naomba swali jingine litangulie: watu hawa huyasema maradhi yao kwa lugha gani, na mbele ya nani?

Watazameni watu wanane walioketi duara. Mwezeshaji anauliza kwa lugha kubwa ya nchi. Wawili walioisoma shuleni wanajibu. Mama mmoja anamnong'oneza jirani yake kwa lugha ya nyumbani, jirani anatikisa kichwa, na kinasa sauti hakijadaka kitu. Kisha ripoti inasema "washiriki walikubaliana". Sita hawakusikika! Hapo vikundi vigawanywe kwa lugha. Na likiwa jambo la siri, kama mimba kuharibika, fanyeni usaili wa mtu mmoja mmoja, tena mumuulize yeye anamtaka mkalimani gani. Jamii ni ndogo. Mkalimani mliyemleta huenda ni shemeji yake.

Nimewahi kumsikiliza mgonjwa akieleza kwa dakika tatu nzima, mkono ukipanda kutoka kifuani hadi utosini. Mkalimani akanigeukia: "Anasema anaumwa." Data yote ikamwagika pale pale. Tangu siku hiyo nasisitiza unukuzi ufanywe kwanza kwa lugha ya msemaji, ndipo tafsiri ifuate, na neno lisilo na mwenzake libaki lilivyo. Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ukiandika "msongo" umepoteza kiini, kwani kwao kufikiri huko ndiko kunakoleta ugonjwa. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, umeliorodhesha kwa Kishona chake.

Ipo pia mbinu ya picha. Miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya kazi na wanawake wa vijijini Yunnan, China, waliopewa kamera wapige picha za maisha yao. Maelezo bado yatahitaji lugha, ila mazungumzo yanaanzia pale alipochagua mwenye kamera, si kwenye hojaji yangu.