Kurudi Mchakamchaka Baada ya Saratani ya Damu: Mhadhara kwa Wazazi na Walimu wa Kigoma

Wazazi wangu, walimu na ninyi vijana, nawashukuru kwa kufika. Mtoto wetu anayeugua saratani ya damu hutibiwa mbali na nyumbani, mara nyingi hospitali ya Bugando kule Mwanza au Muhimbili kule Dar es Salaam, na aina ya saratani hiyo (lukemia) inayowapata watoto wengi zaidi, ile ya limfoblasti, hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3. Siku anaporudi amepona, nyumba nzima hushangilia, kisha yanaanza makatazo: usibebe ndoo, usikimbie, kaa kivulini. Makatazo hayo yanatoka katika upendo na siyabezi hata kidogo, lakini ndiyo yaliyonileta hapa, kwa sababu damu inaweza kupona huku misuli ikiendelea kusinyaa.

Naomba tuanze na mguu. Dawa ya vinkristini, mojawapo ya zinazotibu saratani hii, hudhuru mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika kwenye nyayo na vidole, hata kijana akashindwa kuinua vizuri sehemu ya mbele ya wayo. Mzazi anaweza kulitambua jambo hili akiwa uani kwake: asikilize kama mguu unapiga chini kwa kishindo, aangalie kama kandambili inamchomoka mara kwa mara, kisha amwambie atembee kwa visigino hatua 10. Katika miteremko ya mji wetu kijana huyo hujikwaa, wenzake humcheka, naye huacha kwenda uwanjani, na hapo watu husema ugonjwa umemfanya mvivu. Neno hilo linaniumiza, kwa kuwa anachokosa ni nguvu ya mishipa, wala si moyo wa kujituma. Mishipa hiyo hupata nafuu polepole, kwa miezi mingi, na kijana huisaidia kwa kuinua vidole vya miguu akiwa amekaa, kunyoosha kano ya kisigino kila siku, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta.

Dawa nyingine za matibabu hayo, deksamethasoni na prednisoloni, kwa upande wake hudhoofisha mifupa na misuli ya mapaja. Ndiyo maana kijana hujisukuma kwa mikono anapoinuka kwenye kigoda. Wenye umri wa miaka 10 na kuendelea wako katika hatari kubwa zaidi kuliko wadogo ya kupata tatizo la sehemu ya mfupa, hasa kwenye nyonga au goti, kufa kwa kukosa damu. Kwa hiyo akichechemea, au akilalamika maumivu ya nyonga yasiyoisha, asiambiwe avumilie: aache kuruka na kukimbia, apelekwe hospitali apigwe picha. Aliyepewa dawa za saratani ziitwazo doksorubisini au daunorubisini apimwe moyo kabla ya kuingia mashindanoni, kwani madhara yake huweza kujitokeza hata baada ya miaka mingi. Na ambaye bado yuko kwenye dawa asicheze michezo ya kugongana wakati chembe za kugandisha damu ziko chini.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Kwa kijana wetu hiyo ni safari ndefu. Aanze na dakika 10 za kutembea mahali tambarare, jua likiwa limepoa, na aongezewe pale tu anapoamka kesho yake bila kuchoka kupita kiasi.

Walimu, nawaomba sana msimwache chini ya mwembe muhula mzima wenzake wakiwa kwenye mchakamchaka. Atembee wanapokimbia, ahesabiwe mstarini kama wengine, na aulizwe mwenyewe anapenda nini, maana aliyekuwa mchezaji wa netiboli atarudi upesi zaidi akipewa mpira kuliko akipewa amri.

Sasa naomba vijana watatu, awe aliyewahi kuugua au hapana, wavue viatu waje hapa mbele watembee kwa visigino, ili wazazi waone ninachokisema.