Leteni Watoto Juni

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kama mnasubiri daladala, shikamooni. Wanaostahili kunipa mimi shikamoo, marahaba.

Najua mnaniita Mama Juni. Nilipokuwa naingia hapa mlangoni nimesikia mtu anasema, "Leo Juni imewahi." Sikukasirika. Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, na jina nililopewa na wanafunzi lilikuwa baya kuliko hilo. Silitaji.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya familia kule kwetu mlimani, Kilimanjaro. Kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, sitakieleza zaidi, maana humu ndani kila mtu ama amezaliwa migombani ama ameoa huko. Nitasema neno langu lile lile la kila mwaka. Leteni watoto nyumbani Juni. Desemba njoni mkipenda, lakini Desemba mimi siihesabu.

Hebu tuiangalie hiyo Desemba. Magari yanafuatana kuanzia Chalinze kama siafu. Mtoto anafika kijijini saa tano usiku, amelala, anabebwa kama gunia. Asubuhi anaamka, mbuzi anachinjwa. Kesho yake, mbuzi mwingine. Kesho kutwa kuna ubatizo kwa shangazi, kipaimara kwa baba mdogo, na harusi kwa mtu ambaye hata ninyi wenyewe hamkumbuki mnahusianaje naye. Spika zinapiga mpaka alfajiri. Tarehe 2 Januari mtoto anapakiwa garini. Muulize akifika Dar es Salaam: nyumbani kuna nini? Atakwambia, "Kuna nyama." Sasa kilomita zaidi ya 500 kufuata nyama! Kimara hakuna nyama? (Kicheko.)

Nitawapa kisa. Baadhi yenu mmeshakisikia, vumilieni, leo nina nyongeza.

Juni iliyopita mkwe wangu alijifungua mtoto wa pili, huko huko Dar. Zamani mzazi angekuja kukaa kwangu miezi mitatu, anywe mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, mpaka mashavu yang'ae. Siku hizi mtori unamfuata mzazi. Nikakata mkungu wa mshare, ndizi za mtori, nikaufunga kwenye kiroba, nikampa kondakta wa basi. Basi hilo hilo liliporudi likaniletea mjukuu wangu mkubwa, wa miaka tisa, ili mama yake apumue. Mkungu umeshuka, kijana amepanda. Nauli zilikuwa karibu sawa.

Huyu kijana ana jina la marehemu mume wangu, kwa hiyo namwita mume wangu. Asubuhi ya kwanza akatoka nje na kaptula. Ninyi mnaijua Juni ya kijijini kwetu Kirua: ukungu umekaa hata mbuzi wa jirani unamsikia tu, humwoni. Akaniuliza, "Bibi, mlima uko wapi?" Nikamwambia bado umelala. Akarudi ndani kuchukua shuka, akajifunga kama Mmasai.

Nikamkalisha kwenye kigoda, nikampa kisu na ndizi. Ninyi mnajua ndizi mbichi haimenywi kama ya kuiva. Unakata ncha zote mbili, unalichana ganda kwa urefu, unaingiza ncha ya kisu halafu kidole gumba, unasukuma, ganda linaachia. Na kabla ya yote hayo unapaka mafuta mikononi, kwa sababu utomvu ukikushika umekushika. Hilo la mafuta sikumwambia. Nilikusudia.

Akamenya ndizi saba. Zilitoka nyembamba kama penseli, nusu ya chakula imebaki kwenye maganda, lakini ng'ombe naye alikuwa anasubiri maganda, hakuna kilichopotea. Nikazitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi, nikabandika na mfupa. Zilipoiva nikampa kipekecho. Mtori wa mtoto huyo ulikuwa na mabonge, jamani. Tukaula. Alikuwa ameniambia jana yake kwamba yeye asubuhi anakula mkate tu, tena wa kukatwa. Sikumkumbusha.

Jioni baba yake akapiga simu ya video. Kijana akainua viganja, vimepigwa weusi wa utomvu mpaka kwenye kucha. "Baba, ona." Mwanangu akacheka, naye akainua vyake kwenye kioo, vyeupe, laini, mikono ya kushika kompyuta. Mtoto akaitazama kidogo akasema, "Yako haina."

Nyamazeni kidogo, sijamaliza.

Kuna ng'ombe. Nina mmoja, anakula bandani. Kazi ya saa kumi jioni ni majani. Kijana akafuatana na watoto wa jirani, wakaenda kukata kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji. Wenzake walirudi na matita yanayowafunika mpaka mabegani, huoni mtu, unaona majani yanatembea. Mume wangu alirudi na fungu la ukubwa wa paka. Ng'ombe akalinusa, akanitazama mimi. Ikabidi nikate mgomba uliokwisha kuzaa, nikaukatakata kwa panga, akashiba maji yake. Asubuhi maziwa yakapungua, chai ikawa ya rangi, na mezani kila mtu alijua kwa nini. Hakuna aliyemgombeza. Jioni ya pili alirudi na tita la ukubwa wa mbuzi.

Wiki ya pili alikuwa anaamka kabla yangu. Anakuja kunigusa bega: "Bibi, anaita." Watoto wa mjini husema ng'ombe analia. Huyu alisema anaita. Na wiki ya tatu yule ng'ombe akazaa, saa nane usiku, na nani alishika tochi? Alishika kwa mikono miwili, inatetemeka, anamulika ukutani badala ya kumulika ndama.

Na usiku, jikoni, nilimpa kisa cha Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima wetu. Mnakijua: Mawenzi moto umemzimikia, anakwenda kwa ndugu yake Kibo kuomba kijinga cha moto, anakuta wanatwanga ndizi kavu, anapewa na chakula. Anaona raha, njiani anauzima moto, anarudi kuomba tena. Anapewa tena. Mara ya tatu Kibo anachukua mchi anamshukia nao, ndiyo maana mpaka leo Mawenzi kichwa kimechongoka na kuvunjikavunjika. Kijana akafikiri, akasema, "Si angesema tu ana njaa?" Miaka 34 nimefundisha darasani na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hivyo. Siku nne baadaye jioni mawingu yakafunguka, vilele vyote viwili viko wazi, Kibo mweupe, Mawenzi na mapengo yake. Akasimama na tita lake kichwani. "Kweli alipigwa," akasema, akaendelea na safari yake ya bandani.

Haya. Namwona mzee mmoja pale anatikisa kichwa. Najua. Kila mwaka kuna anayeniambia, "Mwalimu, unapamba shida." Mimi? Mama yangu alikufa macho mekundu kwa moshi wa mafiga. Alikuwa anabeba ndizi kichwani kuteremka mpaka Himo, kwa miguu, na kupandisha mahindi jioni, mimba ikiwemo. Nani anataka kurudisha hayo? Nina umeme, nina mtungi wa gesi. Mafiga nayawasha ninapotaka, kama ninyi mnavyowasha mkaa wa kuchomea nyama Jumapili. Sisifu shida.

Ninachosema ni hiki, na nakisema polepole. Mtoto wako huko mjini anapendwa. Analipiwa ada, ananunuliwa viatu, anapelekwa ufukweni. Lakini nani anamhitaji? Akilala siku nzima, ni kitu gani kitaharibika ndani ya nyumba? Hakuna. Kwangu akilala, ng'ombe anakosa majani na chai inakuwa ya rangi. Mtoto anaijua tofauti hiyo haraka sana, na inampa raha ambayo sijaona mwanasesere wala kompyuta ikiitoa. Desemba haiwezi kumpa, kwa sababu Desemba yeye ni mgeni. Anakaa kwenye kiti cha plastiki anapelekewa sahani.

Mwingine atasema, "Mama Juni, watoto wana twisheni." Msinichekeshe. Mimi ni mwalimu. Twisheni ya Juni ni kile kile tulichoshindwa kukimaliza Mei, safari hii kwa malipo.

Mwingine atasema kule hakuna kitu, watoto watachoka. Huyo ananikumbusha yule bwana wa London. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji juu ya Kibo kwa macho yake, akaandika. Kule London mtaalamu wa jiografia, William Cooley, ambaye hajawahi kukanyaga Afrika, akabisha kwa miaka. Haiwezekani, theluji karibu na ikweta? Sasa sisi akina Cooley tunao wa kwetu wenyewe, wamezaliwa Kirua na Kibosho, wanakaa Mbezi na Tegeta, wanatueleza kule juu hakuna kitu.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliviweka vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Watu wanatoka mbali kuja kuangalia jinsi mringaringa unavyokaa juu, mgomba chini yake, kahawa chini ya mgomba, magimbi na mboga chini kabisa, na kiazi kikuu kinapanda mti kana kwamba nacho kinataka kumwona Kibo. Wanapiga picha, wanaandika. Na ninyi, wenyewe? Mnakata migomba mnamwaga zege. Eti maegesho! Maegesho ya magari ya siku kumi. Nyumba ya ghorofa, vyumba sita, miezi kumi na moja funguo anazo mlinzi. Kwa kweli kihamba chenu kina familia: mlinzi, mke wake na watoto wake wawili, wanaokata majani kila jioni. Wao wana raha zenu zote na mnawalipa mshahara juu. (Kicheko.) Niliyemuudhi aniambie, kesho nitamletea isale, jani letu la kuombea msamaha, atalazimika kunisamehe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika tano? Tatu. Basi.

Kahawa nilitaka kuisema kwa urefu, naiacha. Ila watoto waonje buni mbivu mtini, ile nyekundu, wafyonze utamu wake. Wengi wanakunywa kahawa bila kujua kwamba ni tunda.

Mifongo: wazee waliochimba ile mifereji walipeleka maji kuzunguka kingo za makorongo bila pima maji. Zamu za maji bado zipo, na bado kuna ugomvi. Mpelekeni mtoto siku ya kusafisha mfongo.

Mbege... pombe yetu ya ndizi, mbege ninyi mnaijua kuliko mimi, hasa kule nyuma. Ila ni nani kati yenu amewahi kuyaona magome ya msesewe, ule mti unaotiwa kwenye mbege, au kukaa na anayechemsha ndizi na kusubiri zilale? Naam. Kunywa mnajua.

Lugha, ninaruka.

Ardhi ya mabinti. Hili ni mhadhara mzima lakini siondoki bila kuligusa. Mila inasema kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Kaka zake wamegawiwa kwao. Binti je? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inamhesabu mwanamke sawa na mwanamume kwenye ardhi. Kwa hiyo mnaponiletea wajukuu, nileteeni na wa kike, na wao nao wakate majani, ili siku ya kugawa kihamba asitokee mjomba wa kusema huyu hakijui.

Basi, Mwenyekiti, basi, nashuka. Mambo ya safari: kila mtoto sweta mbili, mabuti ya mvua, suruali ya kuchafuka. Simu waje nazo, chaji ipo, mtandao upo, kuna mnara juu ya kihamba cha jirani yangu. Msiwape orodha ya vitu vya kutogusa.

Mume wangu mdogo anakuja tena. Wiki iliyopita kanipigia kuniuliza kama ndama wake amekua, nikamwambia aje amwone. Sasa yule ndama alikuwa dume, na mwezi wa pili tulimuuza, nilikuwa na paa linavuja. Sijapata namna ya kumwambia. Mwenye wazo anione hapo nje kwenye chai.