Dirisha la PVC linakwama na kuingiza maji: lishughulikie mwenyewe kabla ya mvua

Habari za asubuhi, ndugu mtazamaji. Leo nipo Ipuli, hapa Tabora mjini, nyumbani kwa shangazi yangu. Hili dirisha unaloliona nyuma yangu amelivumilia mwaka mzima. Ni la kuslaidi, la PVC, futi tano kwa nne. Kulifungua mpaka utie bega. Mvua ikipiga, maji yanajaa kwenye reli, yanafurika kwa ndani, yanateremka ukutani mpaka kwenye kochi. Ameshaambiwa dirisha limekufa, anunue jingine. Nimelikagua jana jioni: halijafa, limekabwa. Kazi ya leo ni kulizibua, na wewe wa nyumbani unaiweza.

Kabla sijashika bisibisi, tuelewane kidogo kuhusu kitu chenyewe. Hii PVC ya madirisha, inayoitwa uPVC, ni plastiki ngumu, isiyotiwa ile dawa ya kulainisha inayowekwa kwenye mipira ya kumwagilia. Fremu yake si gogo. Ndani ina vyumba vitupu, na kwenye baadhi ya vyumba hivyo hupitishwa chuma cha kuipa nguvu. Kwa hiyo, tafadhali, usitoboe fremu kuning'iniza pazia. Kila tobo unalopiga ni njia ya maji kwenda kwenye chuma hicho, na kutu yake hutaiona mpaka imeshakomaa. Pazia lifunge ukutani.

Vifaa: brashi ya rangi ya inchi moja, mswaki wa zamani, bisibisi ya nyota, njiti chache za ufagio wa chelewa, wembe, kibano, fulana kuukuu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, pampu ya baiskeli, na kopo la silikoni ya kupuliza, linapatikana maduka ya vipuri vya magari. Utahitaji pia mtu wa pili. Hilo la mtu wa pili usilipuuze, utaona sababu.

Tunaanza na vumbi, na tunalitoa likiwa kavu. Kosa ninalolikuta nyumba nyingi ni kuanza na ndoo ya maji. Kwetu hapa, kiangazi kimekaa tangu Mei, vumbi kwenye reli ni la miezi mitano. Ukilimwagia maji linakuwa tope, tope linateremka kwenye matundu, linakaukia humo kama tofali. Sogeza kamera hapa karibu. Unaona? Vumbi jekundu, nywele, mbawa za kumbikumbi wa mwaka jana, na haya mepesi kama pumba ni maua makavu ya mwembe ule wa uani. Fagia kwa brashi kutoka kona moja kwenda nyingine, zoa. Kwenye pembe brashi isipofika, piga upepo kwa pampu ya baiskeli, ila geuza uso pembeni.

Sasa tunatoa shata, yaani kile kipande chenye kioo kinachotembea. Lisukume mpaka katikati. Angalia juu kwenye reli ya juu: madirisha mengi yana kizuizi kidogo cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu, kazi yake ni kumzuia mwizi asilinyanyue shata kutoka nje. Kifungue, na skrubu yake iweke kwenye kisosi. Halafu watu wawili, mmoja kila upande, mnyanyue shata juu mpaka liguse mwisho wa reli ya juu, kisha sehemu ya chini ivuteni kwenu. Inatoka. Usilitoe peke yako kwa kujiamini. Kioo cha milimita 5, mita moja tu ya mraba, kina zaidi ya kilo 12, bado hujahesabu fremu na chuma chake. Lilazeni juu ya godoro au blanketi, kamwe si juu ya saruji tupu.

Pindua sehemu ya chini. Haya ndiyo magurudumu, rola. Mji wetu una reli ya treni tangu 1912, kwa hiyo hili nitalieleza kirahisi: gurudumu likiacha kuzunguka, halitembei tena, linakokotwa. Hili la kushoto lizungushe kwa kidole... linazunguka. Hili la kulia, ona, limefungwa na uzi wa pazia na nywele mpaka limekuwa kama kibiriti kilichofungwa kamba. Kata uzi kwa wembe, toa kwa kibano, sugua kwa mswaki mkavu. Sasa zungusha. Umesikia lilivyonyamaza? Kama rola lako limelika upande mmoja likawa bapa, hapo kusafisha hakusaidii. Lifungue, nenda nalo dukani mkononi, ulinganishe na jipya. Rola zinafanana kwa macho lakini hazifanani kwa vipimo.

Kuhusu mafuta. Mtu akiona kitu kinakwama, mkono unakimbilia oili. Usiweke oili ya gari, wala grisi, wala mafuta ya kupikia. Mafuta yanashika vumbi, na baada ya wiki mbili una msasa wa maji unaozunguka pamoja na rola. Oili za petroli pia zinavimbisha mipira inayokizunguka kioo. Hata nta ya nyuki, ambayo hapa Tabora haikosekani, jua la Oktoba linailainisha inanata. Puliza silikoni kidogo kwenye ekseli ya rola na kwenye mpira, ufute iliyozidi. Kama huna silikoni, acha kavu na safi. Itatembea.

Tufike kwenye jambo lililonifanya nirekodi video hii: matundu ya kutolea maji.

Lete kamera chini, kwenye reli ya nje. Tundu lenyewe ni huu upenyo mwembamba, upana wa kucha ya kidole kidogo, na ule mwingine kule. Dirisha la kuslaidi halikuundwa kuzuia kila tone. Limeundwa likijua kwamba maji yataingia kwenye reli, kisha yashuke kwenye matundu haya, yapite ndani ya vyumba vya fremu, yatokee nje kwa matundu mengine upande wa mbele. Matundu ya ndani na ya nje hayakupangwa yakitazamana, kwa makusudi, ili upepo usiyasukume maji yarudi ndani. Kwa hiyo ukipitisha njiti ikagonga ukuta, usilazimishe, na usichukue msumari au drili kutafuta njia ya mkato. Chokonoa taratibu, tundu la ndani kivyake, la nje kivyake. Kwa nje huenda kuna kofia ndogo ya plastiki: ibandue kwa ukucha, ioshe.

Na hapa kwa shangazi, angalia kilichotoka: nyumba ya nyigu. Udongo mgumu kabisa, amejenga ndani ya tundu kama pale ndipo alipopewa kiwanja. Nimelainisha kwa matone ya maji, nikasubiri dakika kumi, nikatoa kwa chelewa vipande vipande.

Kwangu mimi haikuwa nyigu. Fundi aliyenipigia plasta kwa nje aliyaona matundu akayachukulia kama kasoro, akayaziba kwa saruji. Msimu wote wa mvua nililala na beseni chini ya dirisha, na kila nikiona maji nikaongeza silikoni ya kuzibia, si hii ya kupuliza, pembeni, nikidhani maji yanapita ukutani. Maji yalikuwa kwenye reli, yamekosa mlango. Tangu hapo, kila nyumba ninayoingia naanza na matundu. Kama kuna anayepaka rangi au kupiga plasta kwako, simama naye, mwonyeshe kwa kidole: haya yaache wazi.

Baada ya kuzibua, osha. Maji ya vuguvugu, sabuni ya maji, fulana. Si waya wa kusugulia masufuria, si jiki, si thina, si petroli. Thina inaondoa doa la rangi, ni kweli, na pamoja nalo inaondoa ule uso laini unaong'aa. Baada ya hapo kila vumbi linapata pa kushika na fremu haitarudi kuwa nyeupe tena. Rangi au saruji iliyokauka iloweke, kisha ikwangue kwa ukingo wa mti au kadi ya zamani ya simu.

Shangazi, naomba kikombe cha chai, kisicho na chai.

Jaza maji, yamwage polepole kwenye reli. Kijana wangu yuko nje... "Yametoka!" Vizuri. Yanatakiwa yaanze kutoka upesi, na reli ibaki na unyevu tu. Yakituama, rudi kwenye njiti.

Tunarudisha shata kwa njia ile ile: juu kwanza, kisha chini ikae juu ya reli, halafu kizuizi cha mwizi. Wengi wanakisahau kizuizi. Usikisahau.

Sasa usawa. Lisogeze shata mpaka libaki uwazi wa kidole kabla ya kugusa fremu, utazame uwazi huo toka juu mpaka chini. Hapa juu ni mpana, chini ni mwembamba, maana yake limeinama. Pembeni mwa shata, chini kabisa, kuna tundu, pengine limefunikwa na kizibo. Ingiza bisibisi ya nyota. Skrubu iliyo humo inapandisha au kushusha rola. Zungusha nusu mzunguko, angalia, ongeza robo. Likiwa gumu, nyanyua shata kidogo kuondoa uzito, usije ukala kichwa cha skrubu.

Na fanya kazi hii asubuhi, kama sisi sasa. PVC inatanuka kwa joto kuliko watu wanavyodhani: urefu wa mita moja na nusu, fremu ikipanda nyuzi 20 kwa kupigwa na jua, unaongezeka kama milimita 2. Ukilibana likae sawasawa saa mbili asubuhi, saa nane mchana litakung'ang'ania. Acha nafasi kidogo, kisha lijaribu tena mchana kabla hujarudisha kizibo.

Manyoya ya pembeni ya shata, hii mistari kama brashi, ndiyo yanayozuia vumbi. Yakilala yote na kuwa magumu, yavute yatoke, yananunuliwa kwa mita, mapya yanateleza kwenye mfereji ule ule. Kipini kikilegea, tafuta kifuniko chake, kigeuze, utaona skrubu mbili. Kaza mpaka zishike, basi.

La mwisho, silikoni ya kuzibia ya nje, kati ya fremu na ukuta. Hii ya shangazi imechanika upande wa magharibi. Usipake mpya juu ya ya zamani, haishiki. Kata yote kwa wembe, futa, hakikisha pakavu, kisha vuta mstari mmoja bila kukatisha na ulainishe kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Pande zote nne, lakini ukifika chini, kidole kiwe macho: usiyapake matundu.

Shangazi, hebu njoo ulifungue. Kwa kidole kimoja... eeh, hivyo hivyo.

Kama lako umelifanyia yote haya na bado linagoma, piga picha ya rola ukiwa umelitoa, weka sarafu ya shilingi 200 pembeni nione ukubwa wake, uniwekee hapo chini.